Mnunuzi wa Pili

Hotuba niliyoitoa Makambako kwenye mkutano wa wakulima na wafanyabiashara wa nafaka. Naiweka hapa yote, kwa sababu wengi walikuwa mashambani siku ile na wameniomba.

Kamwene! Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Nashukuru kwa nafasi hii. Wengi wenu mnanijua kwa bambo, kile chuma cha kuchomea gunia, kuliko kwa jina. Mmeniona nimesimama kando ya lori, nachoma gunia, punje zinateremka kiganjani, moja naitia mdomoni naing'ata. Ikipasuka kwa mlio mkavu, tunapima. Ikibonyea, namwambia mwenye mali, mama, rudi nayo ukaianike siku mbili, usiuze kwa hasara. Hiyo ndiyo kazi yangu kwa miaka 23. Leo nimekuja kuitetea, na kumtetea pia yule ninayenunua kwake.

Mmesikia mazungumzo yanayozunguka. Kwamba mazao yetu yote yapelekwe ghala moja, yauzwe kwa utaratibu mmoja, na atakayeuza pembeni akamatwe. Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wengine ni watoto wetu tuliowasomesha kwa mahindi haya haya. Wanataka mkulima apate bei nzuri. Na mimi nataka hivyo hivyo. Basi tunabishania nini? Tunabishania jambo moja, na nitaliuliza tena na tena leo: mnunuzi wa pili yuko wapi?

Mkulima akiikataa bei ya mnunuzi wa kwanza, anakwenda kwa nani? Akilipwa kwa kuchelewa, anahamia kwa nani? Akitukanwa dirishani, anageuza mkokoteni wake anaelekea wapi? Nionyesheni huyo mtu wa pili, nami nitakaa chini.

Nianze na baba yangu.

Ilikuwa mwaka 1982, mimi nina miaka 7. Shangazi yetu alikuwa ameolewa Dar es Salaam, na barua yake ilifika kwa mkono wa kondakta. Unga hakuna. Ukipatikana ni ule wa mahindi ya njano ya msaada, watu wa mjini waliuita unga wa Yanga, na foleni yake watu walipanga mawe tangu usiku kushika nafasi. Huku kwetu kihenge kimejaa. Baba akapima madebe mawili, akatia kwenye gunia, akakaa mlangoni na sindano yake na uzi wa katani, akashona mdomo wa gunia polepole kama mtu anayeshona nguo ya mtoto. Alfajiri akapanda basi.

Wazee mliopo hapa mnaujua utaratibu wa wakati ule. Bila kibali, nafaka inayoruhusiwa kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine ni kilo 30. Debe la mahindi lina kilo kama 20. Kwa hiyo madebe mawili ni kosa! Kwenye kizuizi gunia likashushwa, likawekwa kwenye mizani. Kilo 38. Baba akasema, haya ni ya dada yangu, ana watoto wanne. Akajibiwa, wewe mzee ni mlanguzi. Gunia likabaki pale. Baba akaendelea na safari akiwa na koti na kofia yake, akafika kwa dada yake mikono mitupu.

Mpaka anafariki, sikumsikia akiyalilia yale mahindi. Alililia lile neno. Mlanguzi! Mtu aliyelima mwenyewe, akavuna mwenyewe, akabeba kwa mgongo wake kumpelekea ndugu yake mwenye njaa.

Ndugu zangu, tuyatazame majina tuliyompa mtu anayetoa chakula kilipo na kukipeleka kisipokuwepo. Mlanguzi. Mnyonyaji. Kupe. Mtu wa magendo. Mwaka 1983, wakati wa ule msako mkubwa, likaongezeka na lingine, mhujumu uchumi. Na yule aliyeacha mahindi ya wakulima yanyeshewe mvua kwenye kituo cha ununuzi kwa sababu lori halikufika, alipewa jina gani? Hakupewa jina lolote. Msimu uliofuata alirudi na daftari lake lile lile, nasi tukampangia foleni ile ile, kwa sababu mnunuzi wa pili alikuwa haramu.

Tuseme ukweli wote, maana hotuba ya upande mmoja haisaidii. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tulikuwa na kitu cha kushukuru. Katikati ya miaka ya 1970 Serikali ilipanga bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, na Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, likanunua kwa bei ile ile Songea na Sumbawanga kama Morogoro. Mkulima wa Ruvuma hakukatwa gharama ya lori. Kweli tulilima sana. Lakini gharama ya lori haikufutika kwa sababu haikuandikwa kwenye bei. Iliingia kwenye hasara za shirika, hasara zikaingia kwenye madeni ya benki ya umma, madeni yakatugeukia sote. Na shirika lililolemewa ndilo lililokosa tairi, likakosa dizeli, likakosa magunia, likatuacha na mahindi mlangoni mwa kituo.

Halafu nini kilitokea? Mwaka 1984 kiwango kikapandishwa kutoka kilo 30 hadi kilo 500. Mwaka 1987, katika zama zile za ruksa za Mzee Mwinyi, vizuizi vya nafaka ndani ya nchi vikaondolewa. Hakuna mvua ya ziada iliyoletwa na tangazo lile. Barabara zilikuwa zile zile zenye mashimo. Kilichobadilika ni kwamba mahindi yaliyokuwa yakisafiri usiku yalianza kusafiri mchana. Shangazi yangu alipoandika barua tena, hakuuliza habari za unga. Aliuliza habari za harusi.

Sasa najua kuna mtu hapa anasema moyoni, mama, hao wafanyabiashara unaowatetea wanatuibia kwa mizani. Wanajaza lumbesa, gunia linalopita kipimo. Wanakaa wanne wanapanga bei moja. Ni kweli. Nimefanya kazi hii muda mrefu, nimewaona. Nisikilizeni basi niwapeleke Usukumani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa na malalamiko haya haya. Pamba inafika kwa mawakala wa vinu, inapimwa, na mkulima anarudi nyumbani akihisi kuna kilo zimepotea njiani kati ya bega lake na ile sahani ya mizani. Mnajua walifanya nini? Hawakungoja mkoloni awaletee dawa. Walichanga. Wakaajiri wapima wao wenyewe, na mizani yao wenyewe, pamba ikapimwa kabla haijaguswa na mnunuzi. Nawaza sura ya mnunuzi siku ya kwanza mkulima alipomwambia, bwana, hii nimeshaipima.

Kutokana na mizani ile vikazaliwa vyama, akina Paul Bomani wakiviongoza, na mwaka 1955 vikaungana kuwa shirikisho kubwa la ushirika la Victoria. Wakamiliki vinu vyao vya kuchambulia pamba. Watu wa kijijini, ndugu zangu!

Je, hadithi inaishia hapo? Haiishii hapo, na sehemu inayofuata ndiyo inayonikosesha usingizi. Baada ya uhuru, vyama vya ushirika vikapewa haki ya kununua mazao peke yao nchini. Chama kilichozaliwa ili mkulima awe na pa kukimbilia kikageuzwa kuwa mahali ambapo hakuna pa kukimbilia. Mwaka 1966 kamati maalumu ya Rais ilichunguza ikakuta uzembe, upendeleo na wizi. Watu wakashangaa, kwamba inakuwaje chama cha wananchi kiwaibie wananchi? Mimi sishangai. Mpe hata mama yangu mzazi haki ya kuwa mnunuzi peke yake kwa miaka 10, kisha mje mkague daftari lake. Ubaya haukuwa kwenye damu ya viongozi wa ushirika. Mlango wa pili ulikuwa umefungwa.

Na dawa iliyotolewa ikawa ipi? Kufungua mlango? Hapana. Mwaka 1976 Serikali ilivifuta vyama vile vikuu vyote, na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao. Kitu kilichojengwa na wakulima kwa michango yao kikafutwa kwa amri, na wenyewe hawakuulizwa. Mwaka 1982 ikapitishwa sheria ya kuvirudisha. Lakini mti ukishang'olewa huwezi kuurudisha shimoni ukategemea uote kama zamani. Leo mzee akisikia neno ushirika anakunja uso, na tukitaka kujua ile imani ilikwenda wapi, mwaka 1976 ni mahali pa kuanzia kuitafuta.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, unapinga ushirika? Siupingi hata kidogo. Naupenda kuliko wanaoulazimisha. Ushirika ni watu waliojiunga kwa hiari yao na wanaweza kutoka kwa hiari yao. Ukiondoa hiyo ya pili, umebaki na nini?

Nije karibu zaidi na leo. Korosho.

Msimu wa 2018, bei mnadani kule Mtwara na Lindi ilianguka ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Wakulima wakakataa kuuza, na walikuwa na haki ya kukataa. Tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi litazibeba. Malori ya jeshi yakaelekea kusini. Nilifurahi niliposikia ile bei. Nani asingefurahi? Nina mkwe wangu kule, nikampigia simu, akawa anapiga vigelegele.

Baada ya wiki kadhaa nikapiga tena. Nikauliza, mmelipwa? Akasema, bado wanahakiki. Mwenye korosho nyingi alitakiwa aonyeshe shamba lake, maana huenda alinunua kwa majirani, na kununua kwa majirani kunaitwa kangomba, na kangomba ni kosa. Wasioijua kangomba niwaeleze. Ni mama mwenye mtoto mgonjwa mwezi wa nane, korosho bado haijafika mnadani, anakwenda kwa jirani mwenye fedha anachukua pesa leo, atalipa korosho kwa kipimo cha bakuli. Bei ni ndogo. Ni ya kuumiza. Lakini kwa nini anakwenda kule? Kwa sababu yule jirani anatoa fedha mkononi siku ile ile. Anayetaka kuiondoa kangomba kijijini na alipe siku ile ile, hatahitaji askari.

Kuna waliolipwa mapema, sitawanyima haki yao. Na kuna waliosubiri mpaka msimu mwingine ukawakuta wanasubiri. Januari 2019 ukasainiwa mkataba wa kuuza tani 100,000 kwa kampuni ya Kenya. Mwezi wa tano mkataba ukavunjwa. Korosho ghafi wakati huo iko ghalani, na korosho ghafi haisubiri siasa. Inapoteza uzito, inapoteza ubora, kila mwezi kidogo kidogo.

Mkwe wangu hakuwa na ugomvi na shilingi 3,300. Ugomvi wake ulikuwa kwamba wakati anasubiri, hakuruhusiwa kumuuzia mtu mwingine hata kilo 10 anunulie salfa ya mikorosho. Mnunuzi wa pili yuko wapi? Alikuwa amefukuzwa.

Na sisi huku tulipata la kwetu. Juni 2017, wakati magunia yamejaa, ikatangazwa marufuku ya kusafirisha mahindi nje ya nchi. Nia ilikuwa kulinda chakula. Mimi nilikuwa kijijini kununua. Bibi mmoja akanifuata hadi kwenye lori, akanishika mkono, akasema mwanangu nunua. Debe lake siku ile halikufika nauli ya kwenda mjini na kurudi. Nikamwambia, bibi, sina pa kuyapeleka, mteja wangu ni wa ng'ambo ya mpaka. Hakunielewa. Aliuliza swali ambalo sijaweza kulijibu mpaka leo: mbolea niliinunua kwa bei ya dunia, kwa nini mahindi niuze kwa bei ya kijiji?

Kwa nini?

Nani alilindwa na marufuku ile? Mlaji wa mjini alipata nafuu ya muda, kweli. Lakini mwenye ghala kubwa na mtaji alinunua mahindi ya bibi kwa bei ya kutupa, akafunga mlango, akasubiri. Bibi hawezi kusubiri, ana ada ya mjukuu. Na msimu uliofuata niliporudi kijiji kile nilikuta sehemu ya shamba lake ni majani. Alipunguza eka. Hakupiga kelele, hakuandamana, hakwenda redioni. Alipanda kidogo, basi.

Watu wa zamani walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi sina shaka na akili za wataalamu wetu. Wana vyeti, wana kompyuta, wana takwimu. Lakini takwimu gani inajua kwamba mjukuu wa bibi yule anadaiwa ada? Ni ofisi gani inajua kwamba mahindi ya bondeni yamekaa unyevu wiki moja zaidi ya yale ya kilimani, kwamba lori la fulani linarudi tupu kutoka Tunduma na litabeba kwa nusu bei? Elimu hiyo haipo mahali pamoja. Iko kwenye vichwa vya watu elfu moja, kipande kipande, na bei inayopatikana kwa watu kukubaliana ndiyo inayoviunganisha. Ukiikaza bei kwa amri, umeziba masikio ya wote elfu moja.

Vijana mnaweza kudhani ni mambo ya mazao tu. Dar es Salaam walikuwa na shirika la mabasi la umma, UDA, tangu 1974, na kwa miaka mingi kusafirisha abiria kwa gari lako bila ruhusa lilikuwa kosa, wakati watu wanaoza vituoni. Mwaka 1983 watu binafsi wakaruhusiwa. Nauli ilikuwa shilingi 5, sarafu iliyoitwa dala, na jina daladala likatoka hapo. Zina kero zake, najua, nimepanda nikiwa na mimba. Lakini ziliwafikisha watu kazini. Basi za mwendokasi zilipoanza Mei 2016, daladala ziliondolewa kwenye sehemu kubwa ya Barabara ya Morogoro. Basi zenyewe ni nzuri. Waulizeni ndugu zenu wa Kimara, siku basi hizo zikiwa chache, wanapanda nini?

Sasa Serikali ifanye nini? Sisemi ikae kando ya kila kitu. Mizani ikaguliwe kweli kweli, na lumbesa ishushwe, gunia lisizidi kilo 100 kama sheria inavyosema. Mnunuzi akikimbia na mali ya mkulima, akamatwe, kesi isikilizwe mwaka ule ule. Barabara itengenezwe. Hayo hayamzuii mtu mwema, yanamzuia mwizi.

Na inapofanya vizuri tuiseme pia. Bajeti ya mwaka 2017 ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa ya biashara na 2 kwa ya chakula, na ikasema anayesafirisha chini ya tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe. Niliposikia lile, nilikaa chini. Tani moja! Baba yangu alinyang'anywa kilo 38.

Halafu likaja lile la MKUMBI, mpango wa Serikali yenyewe wa kupunguza tozo na vibali vinavyogongana. Kwa hiyo hata ndani ya Serikali wapo wanaoliona tunaloliona. Tuwape nguvu.

Na hili ghala. Mimi sipingi ghala. Stakabadhi ghalani ina sheria yake tangu 2005, na kuna misimu wakulima wa korosho waliuza kwa bei nzuri sana mnadani kwa utaratibu huo. Mkulima aweke mali, apewe karatasi, aende benki nayo, angoje bei. Jambo jema! Na kwa kuwa ni jema, kwa nini liwekewe polisi mlangoni? Kama ghala linalipa vizuri na linalipa mapema, mimi na lori langu tutakosa mahindi, nitauza lori nifuge kuku. Nitakuwa nimeshindwa kwa haki. Lakini kama ghala linaogopa lori moja la mama mmoja, lina siri gani na mkulima?

Alhamisi tumeitwa kutoa maoni. Nawaomba tusiende kugomba. Twende tukaseme mambo mawili: ghala lijengwe, na atakayetaka kuuza nje yake asiitwe mwizi. Njooni na stakabadhi zenu za ushuru za misimu mitatu, kila mtu na zake, wazione. Na mwenye mizani nzima nyumbani, ile ya kuning'iniza, naiomba siku hiyo. Tutaitundika pale pale mbele ya meza kuu, kama walivyofanya wale wa Usukumani.

Tunaanza saa tatu asubuhi. Lori langu litapita stendi saa mbili kuchukua wazee.